Kwa nini waliwaendea viranja? Kisa cha Nyeri High 1999 na somo la uraia shuleni

Mei 1999, usiku, Nyeri High, shule ya wavulana ya bweni, kuna wanafunzi waliwafungia wenzao kwa kyubiko, vile vichumba vya kulala vya pekee, wakiwa wamelala, wakamwaga petroli na wakawasha moto. Wanne wakafa. Wote wanne walikuwa viranja. Ukiangalia vizuri hapo ndipo kisa kilipo, manake hawakumwendea mwalimu wa zamu, hawakumwendea naibu wala prinsipo, waliwaendea vijana wa umri wao, sare ileile, mtihani uleule wa KCSE, wa kumaliza sekondari, unawangoja, watu ambao pengine mwaka mmoja nyuma walikuwa wanakaa deski moja nao.

Waliosoma bweni miaka ile wanakijua kisa hiki. Kila mara shule ikichomeka kinarudishwa magazetini kwenye orodha, katikati ya Bombolulu 1998 na Kyanguli 2001, halafu watu wanasema nidhamu imeisha, dawa za kulevya, wazazi wamelegea, basi. Mimi nataka tukisome kivingine. Nataka tukisome kama kisa cha uraia, yaani nani ana mamlaka juu ya nani, alipewa na nani, na ukionewa unaenda wapi. Ukiuliza hayo matatu, kisa kinaeleweka, na pia unaona kwa nini dawa iliyoletwa miaka kumi baadaye ilifanya kazi mahali pengine na mahali pengine ikabaki karatasi tu.

Tuanze na hiyo kyubiko. Wanafunzi wa kawaida walikuwa wanalala kwa ukumbi mrefu, vitanda vya dabo deka vimepangwa, mkikohoa mnasikiana. Kiranja alikuwa na kichumba chake, ukuta, mlango, faragha. Ilikuwa ni alama ya cheo. Na usiku ule ikawa ndiyo mtego, kwa sababu mtu aliyelala kati ya wenzake sitini huwezi kumfungia peke yake, lakini aliyetengwa kwa heshima unajua kabisa yuko wapi na mlango wake ni upi.

Sasa kiranja wa shule ya bweni ya miaka ya tisini alikuwa nani? Kama ulisoma bweni unajua, kama hukusoma wacha nikueleze. Alichaguliwa na naibu na walimu, jina likasomwa paredi, mkapiga makofi. Asubuhi na mapema ndiye anakuamsha, na namna ya kukuamsha ni hiari yake. Jioni kwa prepu ndiye anaandika majina ya wapiga kelele na hiyo orodha haina rufaa, ukiandikwa umeandikwa, hata kama ulikuwa unaomba tu rula. Anaweza kukupa adhabu ya kufyeka nyasi ama kuosha choo. Kwenye daining anahudumiwa kwanza na kipande cha nyama chake huwa kinaonekana. Na kama alikupiga bwenini usiku, ungeenda kumshtaki kwa nani? Kwa naibu. Ambaye ndiye alimchagua. Ambaye kesho yake atamuuliza kiranja huyohuyo, "eti ulimpiga huyu?"

Sisemi viranja wote walikuwa wabaya. Wengi walikuwa vijana wapole tu waliopewa kazi ya watu wazima bila mshahara na bila mafunzo. Wale wanne walikuwa watoto wa watu na hakuna kosa la kiranja linalostahili kifo, hilo liwe wazi kabisa kabla mtu hajanirukia. Lakini muundo wenyewe ulikuwa unatengeneza chuki kati ya wanafunzi kila siku, kidogokidogo, tangu saa kumi na moja asubuhi hadi taa zinapozimwa.

Na muundo huo haukuanzia Nyeri. Ulikuja na Waingereza, kutoka zile shule zao za bweni, Rugby chini ya Thomas Arnold miaka ya 1830 ndiyo hutajwa sana, ambapo wakubwa wa darasa la mwisho walipewa kuwasimamia wadogo kwa niaba ya mwalimu mkuu. Huku kwetu ukaingia kupitia shule za misheni. Alliance ilifunguliwa 1926, na chini ya Carey Francis kuanzia 1940 hadi 1962 shule nyingi nchini zilikuwa zinaiangalia kama kioo. Ukichukua huo mfumo na ukauweka karibu na utawala wa kikoloni vijijini, utaona ni kitu kimoja. Sheria ya 1902 ya wazee wa vijiji ilimpa mzungu uwezo wa kumteua mtu kijijini, hata kama watu hawamtambui, akusanye kodi ya nyumba na kutoa watu wa kazi za lazima, akiwa na askari wake pembeni. Kiranja ni chifu mwenye blazer.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu naona watu wengi wanaruka hii. Mwaka 1997, miaka miwili tu kabla ya Nyeri, Kenya ilikuwa imefanya marekebisho ya IPPG, yaani makubaliano ya wabunge wa vyama mbalimbali, baada ya maandamano ya mwaka ule. Sheria ya machifu ikapunguzwa makali. Sheria ya mikutano ikabadilishwa, zamani mlihitaji leseni ndipo mkutane, sasa mnawapa polisi taarifa tu. Watoto walikuwa wanasoma magazeti kwa laibrari, wanasikia redio, wanaona baba zao wakimjibu chifu. Kisha wanarudi bwenini ambapo "chifu" wao hajapunguziwa chochote na mkutano wa wanafunzi bila ruhusa ni kosa la saspenshoni. Nje nchi ilikuwa inasonga, ndani ya geti la shule mlikuwa bado 1902.

Je, uraia haukuwa unafundishwa? Ulikuwa unafundishwa. Ndiyo maana kisa hiki ni kizuri kwa uchambuzi. Kwenye 8-4-4, mfumo wa elimu wa wakati ule, kulikuwa na somo la Historia na Serikali, na kulikuwa na lile la Elimu ya Jamii na Maadili, ambalo liliondolewa mtaala uliporekebishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hata baada ya hapo mada za uraia na utangamano wa kitaifa mtoto wa 8-4-4 alikuwa anakutana nazo Fomu Wani, pamoja na njia za kusuluhisha migogoro kwa amani. Ukimwamsha mwanafunzi wa Kenya usiku wa manane ukamwambia taja njia tano za kutatua mgogoro, atakutajia tano, mazungumzo, upatanishi, usuluhishi, mahakama, sijui wazee, alama tano, analala tena. Hajawahi kuona hata moja ikitumika kwa shule yake. Mgogoro wake na kiranja ukitatuliwa basi ni kwa kupiga magoti nje ya ofisi ya naibu.

Mimi sina shida na kukariri, mambo mengine lazima yakaririwe. Shida yangu ni kwamba shule ina masomo mawili ya uraia, moja liko kwenye taimtebo, lina dakika arobaini, na lingine linafundishwa masaa ishirini na nne na jinsi mambo yanavyoendeshwa. Hili la pili ndilo linashika. Na la pili lilikuwa linafundisha hivi: mwenye cheo hahojiwi, ukitaka kusikilizwa lazima utishe, na asiye upande wako ni adui.

Hilo la mwisho tafadhali lishike, kwa sababu sio viranja tu waliolipia. Rudi nyuma hadi Julai 1991, St Kizito, Tigania kule Meru, shule ya mseto. Wavulana walipanga mgomo. Wasichana wakakataa kujiunga. Usiku wavulana wakavamia bweni la wasichana, wasichana 19 wakafa, zaidi ya 70 wakabakwa. Watu huliangalia hilo kama kisa cha jinsia na ni kweli ni cha jinsia, huwezi kulitoa hapo. Lakini ndani yake kuna kitu kingine pia, kwamba hawa "wanaharakati" waliokuwa wanapinga uongozi wa shule hawakuwa na nafasi yoyote kichwani ya mtu kusema hapana. Mgomo wa shule ya bweni kwa kawaida haujadiliwi, unaamuliwa na wachache gizani, wengine wanaambiwa, na anayebaki kitandani ni msaliti. Yaani waliokuwa wanalalamika juu ya udikteta walikuwa wameshaujifunza vizuri sana. Kwa hiyo mtu akiniambia tatizo lilikuwa walimu wakali peke yake nitakataa, uhusiano wa wanafunzi wenyewe kwa wenyewe ulikuwa umeoza kwa namna ileile, wakubwa kwa wadogo, wavulana kwa wasichana, wengi kwa wachache.

Migomo yenyewe ni ya zamani mno. Maseno 1908 wanafunzi waligoma wakikataa kazi za mikono, walitaka masomo. Wazee wetu walikuwa hivyo na tunawasifu. Tofauti ni kwamba Maseno hawakuchomana.

Baada ya Nyeri serikali haikubadilisha sana. Ilichukua Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67 wameteketea bwenini, petroli tena, mlango mmoja umefungwa na madirisha yana vyuma, ndipo mambo yakachangamka kidogo. Mwaka huohuo kiboko kikapigwa marufuku shuleni na sheria ya watoto ikapitishwa, na kikaundwa kikosi kazi cha Naomi Wangai kuchunguza nidhamu na vurugu za shule za sekondari. Ripoti ikaandikwa. Ripoti Kenya tunaandika vizuri sana.

Halafu ikaja 2008. Na hapa lazima niseme kitu ambacho watu wazima hatukipendi. Januari na Februari mwaka ule watoto hawa walikaa nyumbani wakituangalia. Uchaguzi umebishaniwa, watu zaidi ya elfu moja wameuawa, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret limechomwa watu wakiwa ndani, halafu baada ya moto wote huo wakubwa wakaalikwa mezani, Kofi Annan akaja, Februari 28 mkataba ukatiwa sahihi, na walionyimwa nafasi wakapata vyeo. Ukiwa na miaka 16 hiyo unaisomaje? Mimi naona waliisoma tu vile ilivyoandikwa. Katikati ya mwaka huohuo, msimu wa mok, mtihani wa majaribio, karibu shule 300 zikawa na vurugu, nyingine moto, na Upper Hill pale Nairobi mwanafunzi mmoja akafa. Na sasa kulikuwa na kidonda kipya, mabweni yenye watoto wa makabila yaliyokuwa yanapigana miezi michache kabla, wengine wamehamishwa kutoka Bonde la Ufa wamekuja shule mpya katikati ya muhula na kila mtu anajua kwa nini.

Kutokana na hapo ndipo 2009 Wizara, chama cha walimu wakuu wa sekondari na UNICEF wakaanzisha mpango wa mabaraza ya wanafunzi ya kuchaguliwa. Kiranja wa kuteuliwa aondoke, aje mwakilishi wa kupigiwa kura. Katiba mpya ikaja 2010 ikiwa na kifungu cha 10 kinachotaja ushirikishaji wa wananchi kama tunu ya taifa, na cha 47 kuhusu haki ya kutendewa kiutawala kwa njia ya haki. Kisha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaingiza mwakilishi wa baraza la wanafunzi kwenye bodi ya shule. Yupo kwa nafasi yake tu, lakini yupo, anakaa kiti kimoja na wazazi na mdhamini anasikia pesa ya maharagwe imeenda wapi. Kwa mtu aliyesoma miaka ya tisini hiyo ni kama ndoto.

Inafanya kazi namna gani pale inapofanywa kwa moyo? Majina yanapendekezwa, kampeni zinapewa siku, wagombea wanahutubia paredi, wanaahidi vitu visivyowezekana kama wanasiasa wetu tu, soseji kila Jumapili, kisha kura ya siri. Kuna shule zinaalika maafisa wa IEBC, tume ya uchaguzi ya nchi, waje wasimamie. Matokeo yanasomwa mbele ya wote. Aliyeshindwa anampa mkono aliyeshinda, na hapo nadhani kuna elimu kuliko mada nzima ya uchaguzi kwenye kitabu, manake kesho yake wanakutana kwa foleni ya chai na maisha lazima yaendelee. Baadaye baraza linaitisha kamukunji, wanafunzi wote, prinsipo mbele, maswali yanaulizwa kwa sauti. Kamukunji nyingi ni za chakula, tusidanganyane. Chai haina maziwa, dayati haibadiliki, maharagwe yana wadudu. Watu hucheka lakini mimi naona chakula ndicho mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu kila mtu anakula na kila mtu ana ushahidi.

Lakini sehemu inayogusa uhusiano wa wanafunzi wenyewe haiko kwenye kamukunji. Iko kwenye mambo madogo ya bwenini. Chukua kisa cha kawaida kabisa, Fomu Wani amekuja na godoro jipya, wiki ya pili anarudi kutoka prepu anakuta kitanda chake kina godoro jembamba kama mkate uliokaliwa na lake liko kwa Fomu Foo. Kwa mfumo wa zamani ana njia mbili, anyamaze au aende kwa kiranja ambaye ni rafiki ya Fomu Foo. Atanyamaza, na miaka mitatu baadaye atachukua godoro la mtu, ndivyo inavyorithishwa. Sasa kwa baraza linalofanya kazi, kuna kamati, ina mtu wa kila kidato, Fomu Wani wakiwemo. Wanakaa darasani Jumamosi mchana. Mlalamikaji anasema. Mlalamikiwa anasema. Kuna anayeandika. Mwalimu yuko pale nyuma, anasahihisha vitabu, haingilii mpaka iwe lazima. Wanauliza jina liko wapi kwa godoro, kumbe mama yake aliandika kwa wino wa kalamu ya bluu kwenye pembe ya chini. Fomu Foo anajitetea ati waliazimana. Anaulizwa aliazima lini na mbele ya nani. Kimya. Godoro linarudi, anaomba radhi mbele ya bweni, na wiki moja anafagia ile nafasi ya Fomu Wani.

Ukitazama kilichotokea, yule mdogo amejifunza kwamba kuna mahali pa kwenda. Yule mkubwa ameaibika lakini hajapigwa, na hakuna mtu wa kulipizia kisasi kwa sababu hakuna mtu mmoja aliyemhukumu. Na hao wengine wa kamati wamejifunza kazi ngumu kuliko zote, kumsikiliza mtu usiyempenda mpaka amalize. Hakuna aliyetaja neno uraia.

Kwa hiyo mbona shule bado zilichomeka? Hilo ni swali la haki na anayeliuliza asizomewe. Mwaka 2016, mabaraza yapo tayari, zaidi ya shule 100 zilichomwa kwa miezi michache, na kikaundwa kikosi kingine cha uchunguzi, cha Claire Omollo. 2017 Moi Girls Nairobi, wasichana 10 wamekufa. 2021 mawimbi tena. Hapa niweke pembeni Endarasha ya 2024, ambapo watoto 21 walikufa, palepale kaunti ya Nyeri, watu wengine wanaichanganya kwenye orodha hii lakini sio kila moto wa bweni umewashwa na mwanafunzi, na watoto waliokufa kwa bweni lililojaa ni kesi ya watu wazima.

Jibu langu lina pande mbili. Upande wa kwanza, mabaraza mengi ni viranja waliobadilishiwa jina. Utaratibu wenyewe unaijua hii tabia. Majina yakishapendekezwa yanapelekwa kwa walimu kuchujwa, na mchujo ndipo uchaguzi unapofia, wale wabishi, wale wanaouliza maswali kwa kamukunji, wanakatwa kwa sababu ya "nidhamu", kisha mnaletewa wagombea wawili ambao wote ni vipenzi vya naibu mchague mnayemtaka. Kura zinahesabiwa stafurumu. Anayeshinda anapewa tai ya rangi tofauti na, ndiyo, kyubiko. Miezi miwili baadaye anaandika majina ya wapiga kelele. Wanafunzi sio wajinga, wanaona, na mbaya zaidi sasa wamefundishwa kwamba hata kura ni mchezo, hilo ni somo baya kuliko kutokuwa na kura kabisa.

Upande wa pili ni kwamba kuna mambo baraza la shule haliwezi. 2016 malalamiko mengi yalikuwa ya kalenda, waziri wa elimu Matiang'i alikuwa amerefusha muhula wa pili na kukataza matembezi na siku za maombi muhula wa tatu. Sasa prinsipo hata akiwa msikivu vipi atawajibu nini? Kamukunji inageuka mahali pa kuambiwa "hiyo ni ya Wizara". Mkiambiwa hivyo mara tatu hamuendi tena kamukunji.

Kuna wale wa kiboko. Hawa nawajua, wengine ni wenzangu wa karibu, na 2021 hata marehemu Magoha akiwa waziri alisema kiboko kirudi. Wanasema tangu 2001 watoto wameharibika. Sawa, lakini Nyeri ilikuwa 1999. St Kizito 1991. Bombolulu, kule Mazeras, wasichana 26, 1998. Kiboko kilikuwa halali kisheria miaka hiyo yote na kilikuwa kinatumika bila haya. Anayetaka kukirudisha aeleze kwanza kwa nini hakikuwaokoa wale wanne.

Na kuna wenzetu wa upande mwingine wanaoamini mtaala utatatua kila kitu. CBC, mtaala wa umahiri uliochukua nafasi ya 8-4-4, ina umahiri saba na uraia ni mmoja wao, kuna mafunzo kupitia huduma kwa jamii, kuna vilabu vya amani, sera ya elimu ya amani ya 2014 ipo. Vizuri, navipenda. Wanafunzi wanapopanda miti na watoto wa shule jirani wanajuana, na kujuana kunasaidia, hasa kwa yale ya kabila. Lakini asubuhi ya kupanda miti ikiisha wanarudi bwenini. Ukiuliza mwalimu uraia umeufundishaje, akakuonyesha faili ya ushahidi yenye picha za watoto wakiwa wameshika majembe, mwulize pia mara ya mwisho mwanafunzi wake aliyeonewa na mwenzake alisikilizwa na nani.

Ningekuwa nashauri shule leo, yenye historia ya fujo, nisingeanza na semina. Ningeanza na zile kyubiko. Viongozi wa wanafunzi walale na wenzao, wapange foleni na wenzao, wale sahani ileile, hiyo haigharimu chochote na ingeondoa nusu ya chuki wiki ya kwanza. Ningewanyang'anya kabisa uwezo wa kuadhibu, wawe wa kuripoti na kusuluhisha, adhabu ibaki kwa mtu mzima anayeweza kushtakiwa. Kamati ya kusikiliza iwe na wa kidato cha chini kabisa angalau wawili, na muda wa uongozi uwe mwaka mmoja bila kurudia. Kamukunji ifanyike kila mwezi na sio wakati moshi umeanza kunukia, na maswali ya kamukunji iliyopita yabandikwe kwenye ubao wa matangazo na majibu yake, hata jibu likiwa "hatuna pesa", manake hatuna pesa ni jibu, kimya ndicho kinaudhi.

Na mchujo wa wagombea, kama lazima uwepo, ufanywe kwa vigezo vilivyobandikwa kabla ya majina kuletwa, sababu ya kukatwa iandikwe, na aliyekatwa apewe siku mbili za kukata rufaa kwa bodi, ambapo mwakilishi wa wanafunzi anayemaliza muda wake atakuwa amekaa. Hii ifanyike muhula wa kwanza, kabla ya mok.